Dragon ipi kwa wakili anayeandika kwa lugha mbili?

SWALI: Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Arusha, huu ni mwaka wa kumi na nne. Daktari ameniambia mshipa wa kifundo cha mkono wa kulia umebanwa, nipunguze kuchapa. Nimeamua kununua Dragon ili niwe natamka na kompyuta inaandika. Kijana mmoja ananiuzia Dragon NaturallySpeaking 13 Premium, boksi zima, kwa shilingi laki moja na nusu. Wakili mwenzangu anasema lazima ninunue Legal. Mdogo wangu aliyeko Marekani anasema Home inatosha. Laptop yangu ina Windows 11 na RAM ya GB 8. Naandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na ningependa pia iniandikie mahojiano ninayorekodi na wateja. Nichukue toleo lipi?

JIBU: Wakili msomi, pole sana na mkono. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza, maana ndilo linaloamua mengine yote. Hakuna toleo la Dragon linalojua Kiswahili. Si Home, si Professional, si Legal. Inajua Kiingereza na lugha chache za Ulaya kama Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano na Kiholanzi. Ukiitamkia "mdaiwa hakulipa kodi ya pango", haitakwambia kwamba haikuelewa. Itatafuta maneno ya Kiingereza yanayokaribiana na hizo sauti na kukuandikia sentensi isiyo na kichwa wala miguu, tena kwa ujasiri wote.

Kwa hiyo wewe una kazi tatu: Kiingereza chako cha mahakamani, Kiswahili chako, na sauti za wateja. Dragon inaweza ile ya kwanza tu. Hiyo inaifanya vizuri sana, na ndiyo maana bado naipendekeza, lakini ukitoa pesa ukitegemea zote tatu utajuta kabla mwezi haujaisha.

Tuanze na huyo kijana wa boksi. Usinunue. Toleo la 13 lilitoka mwaka 2014, wakati Windows 11 haijazaliwa. La kwanza kutolewa kwa ajili ya Windows 11 ni la 16, lililotoka 2023. Kinachoniogopesha zaidi si umri wake bali namba ya leseni. Programu hii haifanyi kazi mpaka namba hiyo ihakikiwe kwenye mitambo ya mwenye mali, na boksi lililokwisha kufunguliwa huenda lina namba iliyokwisha kutumika. Na mwenye mali amebadilika kila mara. Dragon ilianzishwa na James na Janet Baker, mtu na mkewe, kule Massachusetts mwaka 1982. Mwaka 2000 ikanunuliwa na Lernout & Hauspie ya Ubelgiji, iliyoanguka muda mfupi baadaye. Ikaenda kwa ScanSoft, ambayo mwaka 2005 ilijiita Nuance, na tangu 2022 Nuance ni mali ya Microsoft. Nimeona maboksi yenye majina yote hayo yakiuzwa mitaani. Ni kumbukumbu nzuri za kupamba rafu. Ukitaka kujua umri wa boksi bila kulifungua, angalia kama limeandikwa "NaturallySpeaking": jina hilo liliishia toleo la 13.

Mdogo wako amekosea pia, ingawa namwelewa. Home ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, na kwa mtu wa barua pepe na hadithi zake ilitosha. Lakini iliishia toleo la 15 na haiuzwi tena kama bidhaa mpya. Hata ungeipata, isingekusaidia katika mambo mawili unayoyahitaji: haipokei faili la sauti la imla uliyoirekodi pembeni, na haikuruhusu kujitengenezea amri ya kumwaga aya nzima kwa neno moja.

Hili la faili la sauti nalijua kwa kuungua. Mimi nilianza kazi kama katibu muhtasi, enzi za hati mkato, na programu ya kwanza ya imla niliyomfungia bosi wangu nilichagua kwa kuangalia bei peke yake. Mzee akarudi safarini na kinasa sauti kidogo chenye saa tatu za imla aliyoitoa garini. Nikafungua menyu, nikafunga, nikafungua tena. Sehemu ya kuingiza faili haikuwapo. Nyuma ya boksi palikuwa na jedwali dogo la matoleo, na kwenye toleo nililonunua mstari huo ulikuwa mtupu. Nilizichapa saa tatu zile kwa mikono, usiku na mchana, na sikumwambia mtu sababu.

Sasa tuje kwenye mvutano wa kweli, Professional na Legal. Watu wengi hudhani Legal inasikia vizuri zaidi. Masikio ni yale yale: injini ya kutambua usemi ni moja. Tofauti iko kwenye msamiati uliopakiwa tayari na kwenye namna ya kupanga marejeo ya kesi na sheria. Legal imelishwa maandishi mengi ya kisheria, kwa hiyo kati ya maneno mawili yanayosikika sawa inaelemea lile ambalo wanasheria hulitumia zaidi. Hilo ni jambo zuri. Swali ni wanasheria wa wapi.

Chukua neno "plaint", yaani hati ya madai. Kwako ni mkate wa kila siku, kwa sababu Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ilifuata ile ya India ya mwaka 1908. Wakili wa Marekani hafungui "plaint", anafungua "complaint". Msamiati uliojengwa kwa nyaraka za Marekani ukisikia "plaint" utavutwa kwenye "complaint" au "plaintiff", na pengine hata "plant". "Chamber summons", "District Land and Housing Tribunal", "Cap. 33 R.E. 2023": hivi vyote utavifundisha mwenyewe, uwe umenunua Legal au Professional. Na ile hila ya kupanga marejeo yenyewe imefinyangwa kwa mtindo wa kwao, si kwa [2021] TZCA, namna yetu ya kurejea kesi za Mahakama ya Rufani, na jamaa zake.

Ndiyo maana nakushauri Professional ya 16, na hiyo pesa ya ziada ya Legal uitie kwenye maikrofoni. Ningebadili kauli kama kazi yako kubwa ingekuwa mikataba na usuluhishi na kampuni za mawakili za nje, kila siku unaandika kwa sheria za Uingereza au Marekani. Hapo Legal ingejilipa. Kwa kesi za ardhi, mirathi na madai pale Arusha, hapana. Bei ya Professional ya 16 kule Marekani ni karibu dola 700, si pesa ya mchezo, kwa hiyo nakuomba usinunue kabla hujafanya jaribio nitakalokueleza mbele kidogo. Matoleo ya madaktari achana nayo, hata ukiambiwa ndiyo yenye msamiati mkubwa kuliko yote. Ni kweli ni mkubwa, ila umejaa majina ya dawa.

Ukishaifunga, mwanzoni kabisa itakuuliza unatumia Kiingereza cha wapi. Cha Afrika Mashariki hakimo. Chagua cha Uingereza, maana ndicho tulichofundishwa, na tahajia utakayopata ndiyo ile ya mahakamani. Kisha, kabla hujatamka hata sentensi moja ya kazi, tafuta nyaraka zako za zamani kama hamsini, madai, majibu ya madai, viapo, mawasilisho ya mwisho, uzikusanye kwenye folda moja na uiambie ijifunze kutokana nazo. Ondoa kwanza kurasa za majina ya wadaawa na mihuri iliyoskaniwa. Dragon itazisoma, itakuorodheshea maneno isiyoyajua, na hapo ndipo utaona utajiri wa mkoa wako: Ngaramtoni, Arumeru, Laizer, Mollel. Usikubali tu orodha kwa kubofya. Kila jina litamke mara moja kwa maikrofoni pale inapokuomba, maana bila hivyo itabahatisha matamshi kwa kanuni za Kiingereza, na ukisema "Laizer" utaletewa "laser". Hebu fikiria kiapo cha Bwana Laser kikifika mezani kwa jaji.

Kuna sehemu nyingine ndogo ambayo wengi hawaigusi. Kwenye orodha ya msamiati kila neno lina sura mbili, linavyoandikwa na linavyotamkwa, na si lazima zifanane. Kwenye kuandikwa weka "the Civil Procedure Code, Cap. 33 R.E. 2023", na kwenye kutamkwa weka "civil code thirty-three". Maneno matatu mdomoni, mstari mzima kwenye karatasi, mkato na nukta zikiwa mahali pake. Kwa aya ndefu zaidi, kama ile ya uthibitisho mwishoni mwa kiapo, tengeneza amri. Sema "insert verification" na aya inadondoka, ikiwa na nafasi tupu za tarehe na jina unazoziruka kwa sauti. Kwa mkono unaouma, hapa ndipo Professional inaporudisha gharama yake. Wakili anayerudia maneno yale yale kila wiki hanufaiki sana na kasi ya imla. Ananufaika kwa kutotamka kabisa kile alichokwisha kukitamka.

Maikrofoni: nunua hedseti ya waya, ya USB. Ile ya ndani ya laptop inasikia feni, inasikia bodaboda dirishani, inasikia na karani wako akijibu simu. Za Bluetooth zinaonekana nadhifu, lakini nyingi zikianza kutumika kama maikrofoni hubana sauti ili ipite hewani, na herufi kama s, f na th ndizo zinazoumia kwanza. Ikae kwenye kona ya mdomo, umbali wa vidole viwili, si mbele ya pumzi. Kiasi cha shilingi laki moja hivi kinaweza kukupa ya kutosha. RAM yako ya GB 8 inatosha kwa Dragon, ila usiifungulie pamoja na vichupo arobaini vya intaneti.

Jaribio lenyewe ni hili. Nunua hedseti kwanza. Kisha kwenye hiyo hiyo Windows 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na H, na imla ya Microsoft itafunguka bila malipo, mradi una intaneti. Itumie kwa Kiingereza wiki mbili, kila barua na kila notisi. Haina msamiati wako wala amri zako, lakini utajijua wewe mwenyewe. Kuna watu wenye akili sana ambao mawazo yao yako kwenye vidole. Ukiwaambia watamke wanaanza kugugumia. Imla ni ufundi. Unaitunga sentensi nzima kichwani, ndipo unaitoa kwa pumzi moja, na alama zake: "comma", "full stop", "new paragraph". Kusema neno moja moja kwa tahadhari kunaiharibu, kwa sababu mashine hutambua neno kwa kuangalia na yale yaliyo jirani yake. Zamani ilikuwa kinyume. DragonDictate ya 1990, iliyouzwa karibu dola 9,000, ilimtaka mtu atue kidogo baada ya kila neno. Kutiririka kulikuja na NaturallySpeaking ya 1997. Kama wiki mbili zikipita na bado unajisikia mpumbavu mbele ya kompyuta, dola 700 hazitakuponya hilo.

Kiswahili sasa. Hapa kilicho karibu zaidi na mkono wako ni Google. Gboard, kibodi ya Google ya kwenye simu, inapokea Kiswahili kwa sauti tangu 2017, na Google Docs, ukiifungua kwa Chrome, ina uchapaji wa sauti kwenye menyu ya zana. Chagua Kiswahili kabla ya kuanza. Kwa mazungumzo ya kawaida utashangaa jinsi inavyokupata. Kero ya kwanza ni alama za uandishi: Docs inazipokea kwa kutamka katika lugha chache tu, na Kiswahili hakimo. Ukisema "mkato", litaandikwa neno mkato. Mimi huacha aya itoke kavu, halafu napita na kibodi kutia alama. Kwa mkono wako hilo ni jukumu la karani.

Kero ya pili ni nzito, na ningependa uisome polepole. Kiswahili kinabeba sentensi ndani ya neno moja, na nguvu ya kisheria inaweza kukaa kwenye herufi ya kwanza. "Alimlipa" na "hakumlipa" mashine haizichanganyi kirahisi. Lakini "hamlipi" na "amlipe", "hakulipa" na "akalipa", kwa mtu anayesema haraka na kuimeza h, na tuko wengi tunaoimeza, zinakaribiana mno. Kwa Kiingereza kuna neno zima "not" linalosimama peke yake na kupigiwa mstari. Kwetu ukanushi unaning'inia kwenye pumzi. Kwa hiyo andiko lolote la Kiswahili lililotoka kwenye imla nalisoma mara mbili: mara ya kwanza kama kawaida, mara ya pili naangalia vianzio vya vitenzi tu. Wewe unayeandika majibu ya madai usiiruke hiyo ya pili. Na tangu sheria ya 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nadhani fungu hili la kazi yako linakua tu.

Mwisho ni mahojiano ya wateja, na hapa nakukataza mambo mawili. Usiyalishe Dragon, hata yawe ya Kiingereza. Sehemu yake ya kugeuza rekodi kuwa maandishi imetengenezwa kwa sauti moja inayotoa imla; watu wawili wakikatizana inachanganyikiwa. Na usiyapandishe kwenye tovuti za bure za kugeuza sauti kuwa maandishi. Unajua kuliko mimi siri ya mteja inavyolindwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti yake kuhusu taarifa zinazovuka mipaka. Hiyo Docs niliyoitaja nayo husafirisha sauti yako nje, kwa hiyo itumie kwa kinachoweza kusomwa na mtu mwingine, si kwa maungamo ya mteja.

Kinachokufaa ni Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Ilitolewa bure Septemba 2022 na inafanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Nayo ina matoleo, na watu hukosea hapa kama wanavyokosea kwenye Dragon. Yapo tiny, base, small, medium na large, kutoka dogo hadi kubwa. Yenye ".en" mwishoni mwa jina ni ya Kiingereza tupu, usiyaguse. Kwa Kiingereza, small inatosha kwa mengi. Kwa Kiswahili madogo yanapwaya vibaya, kwa sababu iliyo wazi: Whisper ya kwanza ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na Kiswahili kilipata saa chache mno humo. Chukua large-v3. Kuna na turbo ya 2024 inayokwenda mbio zaidi, ila haikufunzwa kutafsiri, na kwa Kiswahili mimi naiacha.

Laptop yako isiyo na kadi kubwa ya picha itaikokota large. Tumia whisper.cpp, iliyotengenezwa kwa kompyuta za namna hiyo, iambie wazi kwamba lugha ni Kiswahili badala ya kuiacha ibahatishe, iache ifanye kazi usiku kucha na asubuhi ukute maandishi. Haitakutenganishia nani kasema nini. Na pale mteja anaponyamaza au kulia, inaweza kujaza kimya hicho kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema, au kurudia sentensi moja mara nane. Ichukulie kama rasimu ya kukuonyesha dakika gani urudi kusikiliza, usiinukuu kwenye kiapo bila kuisikiliza rekodi yenyewe.

Basi kwa mpangilio wa mfuko wako: hedseti wiki hii, wiki mbili za Windows na H, Whisper ukipata kijana wa kukufungia, na Professional ya 16 mwezi ujao kama mdomo wako umekubali. Siku ikikuandikia "plant" badala ya "plaint", usikimbilie kibodi. Sema "correct that", chagua namba ya neno sahihi kwenye orodha itakayotokea, uendelee. Neno lilelile linaweza kukuudhi mara tatu nne za mwanzo, na bosi wangu yule alikuwa akiligombeza kwa Kichaga, na mashine ikaandika hayo pia.